Watoto wanashinda ndani na simu: nianzie wapi kuwatoa nje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Isyesye, Mbeya. Nina binti wa miaka 9 aliye Darasa la Tatu na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Tumejenga, tuna ukuta na geti, na wakitoka shule ni televisheni na simu yangu mpaka usiku. Mimi nimekulia Rungwe nikichota maji mtoni na kuchunga ndama, lakini wanangu wakiona jongoo wanapiga mayowe. Baba yao anasema muda wa kuzurura ni bora uende kwenye tuisheni, maana mwakani kuna mtihani wa Darasa la Nne. Mimi naogopa baridi, matope na nyoka. Gari hatuna. Je, nianzie wapi, au nisubiri likizo niwapeleke Hifadhi ya Kitulo?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usisubiri likizo. Kitulo iache kwanza, nitairudia mwishoni. Anza leo jioni nyuma ya nyumba yako, na kesho rudi palepale.

Nasema palepale kwa makusudi. Nilipoanza kuwatoa watoto nje nilidhani, kama wanavyodhani wazazi wengi, kwamba maumbile ni kitu cha kusafiria. Mwaka mmoja shule niliyokuwa nafundisha ilichangisha wazazi, tukakodi basi, tukawapeleka watoto wa Darasa la Tatu hifadhini kuona wanyama. Tuliondoka alfajiri, tukarudi usiku. Wiki iliyofuata nikawaambia wachore walichokiona. Tembo walikuwemo, twiga pia, lakini zaidi ya nusu ya daftari zilikuwa na picha ya basi: magurudumu, dereva, na vichwa vya wenzao vikichungulia madirishani. Sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ndani ya basi ndimo walimoshinda siku nzima.

Muhula uliofuata nikawa nalitoa darasa hilohilo kila Jumanne, dakika arobaini tu, mpaka kwenye mkuyu mmoja uliokuwa kando ya kijito nyuma ya shule. Wiki ya kwanza walikimbizana. Ya pili wakaparamia matawi. Ya tatu, binti mmoja mkimya ambaye darasani sikuwahi kumsikia akiuliza kitu aliokota kuyu lililoiva, akalipasua kwa kucha, akaliinamia kwa muda mrefu, kisha akaja kwangu amelishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba maji. Ndani kulikuwa na vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi, vingine vina mabawa na vinahangaika kutoka. "Mwalimu, hawa waliingilia wapi?" Kuyu halikuwa na tundu la kuonekana. Ikabidi niwaite wenzake wote, nikawaeleza kwamba kuyu ni maua mengi yaliyogeuziwa ndani, na kwamba nyigu mdogo sana hujipenyeza kwenye ncha yake akiwa na chavua mwilini, hutaga humo, na watoto wake ndio hao. Bila nyigu huyo mkuyu hauzai mbegu. Wahenga waliposema uzuri wa kuyu ndani mabuu, walikuwa wamelipasua kwanza wakaona. Kufikia mwisho wa muhula picha zao zilikuwa na njia za chungu juu ya gome, kaa wa mtoni, na ndege ambaye watoto walishajua anatua tawi lipi.

Mti ule haukuwa na ajabu yoyote kuliko tembo. Tofauti ilikuwa kwamba waliurudia.

Sasa kwako. Najua uwanja wetu wa Kitanzania unavyofagiwa mpaka udongo unang'aa. Acha kona moja isifagiwe, ukubwa wa mikeka miwili, mbali na mlango. Weka gogo kuukuu, mawe matano sita, acha majani yaote lakini yasizidi kifundo cha mguu, ili hata nyoka akipita aonekane. Wakati wa mvua hutasubiri wiki nyingi. Chini ya gogo watakuja jongoo, konokono, siku nyingine chura. Ukutani atakuja mjusi. Ukiwa na bahati, kwenye michongoma atakuja kinyonga, na nakuomba usimruhusu mtu yeyote amuue kwa imani kwamba ni mkosi, kwa sababu kinyonga hana sumu wala madhara.

Mdogo wa miaka 5 mpe sufuria lisilotumika, kijiko, debe la maji na ruhusa ya kuchimba. Atapika. Mchezo wa kijungu meko hauhitaji mtu wa kuufundisha. Dada yake mpe daftari na penseli, umwambie kila siku aandike au achore kitu kimoja alichokiona, hata kama ni jiwe. Usinunue midoli ya kupeleka nje.

Wewe toka na kigoda chako, chambua mboga au maharage hapohapo, simu ibaki ndani. Siku tatu za kwanza watakujia: "Mama, hakuna cha kufanya." Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa, wakarudisha watoto kwenye katuni. Vumilia. Uchovu ule wa kukosa la kufanya ndio mlango wenyewe, na mtoto asipouvuka hatachungulia chini ya jiwe. Itikia tu, "Sawa, kaeni," uendelee na maharage yako. Siku ya nne au ya tano utasikia kimya cha namna nyingine, na ukigeuka utakuta wamelala kifudifudi.

Wakikuuliza jina la kitu usichokijua, sema hujui. Kisha uliza wewe: kinakula nini? Kinalala wapi? Kwa nini kiko huku kwenye kivuli na si kule? Kazi yako pale ni kuwa mwenzao wa kushangaa. Ualimu waachie walimu.

Kuhusu jongoo. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla hajasoma mdudu, kwa hiyo uso wako ukikunja, ameshaamua. Usimlazimishe amshike. Wewe mwanamke wa Rungwe, chukua kijiti, mweke jongoo apande, mwinue usawa wa macho yao, na waambie waangalie miguu peke yake. Haiendi pamoja. Inakwenda kwa mawimbi, kuanzia nyuma kuja mbele, kama mpunga wa Mbarali unavyopigwa na upepo. Akiguswa atajikunja duara na huenda akatoa maji ya rangi ya kahawia yenye harufu kali. Hayo huchubua macho na kutia doa kwenye ngozi, basi nawaoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Nimewaona watoto waliokuwa wakipiga mayowe Jumatatu wakigombania kijiti Ijumaa.

Una bahati nyingine ambayo huenda huioni kwa kuwa umeizoea: Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Mwaka wetu unasomeka kwa macho. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini. Waamshe watoto waone wanavyotua, wanavyodondosha mabawa, wanavyofuatana wawili wawili wakitafuta pa kuchimba. Jike mmojawapo kati ya maelfu ndiye atakayekuwa malkia wa kichuguu. Kaangeni wachache mle, ni sehemu ya somo. Usiku wa Novemba mawingu yakipisha, angalieni mashariki baada ya giza kuingia: kile kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana ni kilimia, kilichopewa jina na wakulima kwa sababu ya kulima. Kuanzia Novemba mbayuwayu nao wameshafika kutoka Ulaya, na ikifika Machi au Aprili watapanga mstari kwenye nyaya za umeme kabla ya kuondoka tena. Mwambie binti yako awahesabu kila asubuhi akienda shule na aandike tarehe ambayo nyaya zitakuwa tupu. Kisha kuna Juni na Julai, umande mzito, pumzi inayoonekana kama moshi, na anga safi kuliko wakati wowote wa mwaka. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji nauli.

Na majina. Kama wazazi wako bado wako Rungwe, au kuna shangazi au jirani mzee anayejua, mpeleke mtoto akakae naye. Mti ambao mtoto anaujua kwa jina hautakuwa "majani" tena kwake. Tena wazee wanajua zaidi ya tunavyowapa heshima. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kima mmoja mwoga wa juu mitini anayeitwa kipunji, na mwanzoni watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama kweli au hadithi. Mwaka 2003 watafiti waliofuata simulizi hizo msituni Rungwe wakamwona, na mwaka 2004 akaonekana pia upande wa Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi. Mwaka 2006 wataalamu wakamweka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika tangu 1923. Duniani kote anaishi Nyanda za Juu Kusini na Udzungwa tu. Mwambie binti yako hivyo: jina lilikuwepo kijijini kwa bibi kabla halijaandikwa vitabuni.

Nije kwa baba yao, na nakuomba usimfanye mpinzani. Hofu yake ni ya haki, kwani anataka mtoto afaulu. Mwonyeshe kwamba kucheza nje hakumwibii mtoto masomo. Huko Guangzhou, China, ambako watoto wanasoma kwa saa nyingi kuliko wetu, shule 12 ziliingia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza, nusu ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, kati ya waliotoka nje zaidi, asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 39.5. Jicho linalokua linahitaji mwanga wa mchana, na mwanga wa sebuleni, hata taa zikiwaka zote, haufikii hata sehemu ya kumi ya ule wa nje. Mtoto asiyeona ubao hafaulu hata akipelekwa tuisheni mbili. Marekani nako, watoto 17 wenye shida ya kutulia walitembezwa dakika 20, siku moja bustanini, nyingine katikati ya mji, nyingine mtaani. Walipotoka bustanini ndipo walipoweza kukazia akili vizuri zaidi. Ni watoto wachache, sitaki umwambie mumeo kwamba jambo limethibitishwa, lakini kila mwalimu aliyewahi kufundisha hesabu baada ya mapumziko mazuri analijua.

Basi mpe pendekezo dogo: akitoka shule, nusu saa nje kwanza, ndipo daftari. Tuisheni ibaki siku mbili kwa wiki, Jumamosi asubuhi iachwe huru. Mwombe mwenyewe afanye kitu kimoja nao. Nimegundua akina baba wengi hawapendi kukaa na kutazama konokono, ila ukiwaambia watengeneze tiara au gari la waya, au wafundishe watoto kuwasha moto bila mafuta ya taa, wanakuwa wa mwisho kuingia ndani.

Simu, kwa kifupi: usifanye kutoka nje kuwa adhabu ya simu, watoto watakuchukia wewe na bustani pia. Weka saa yake, iwe ileile kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kucheza kwa nguvu. Rede, kombolela na kuruka kamba vinatosha kabisa. Fungua geti, waite watoto wa jirani. Ukuta umezuia wezi, lakini umezuia na wachezaji, na kombolela haichezwi na watu wawili.

Hofu zako. Baridi ya Mbeya haileti mafua. Mafua ni virusi, na virusi hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Mvishe nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, soksi kavu, kofia asubuhi za Julai, atoke. Jua letu la mwinuko ndilo linalochoma bila kuonyesha joto, hivyo kofia ni ya mchana pia. Kama kati ya watoto wa jirani kuna mwenye ualbino, panga michezo asubuhi mapema au jioni, mikono mirefu na kofia pana, ili asiachwe ndani peke yake.

Matope tenganisha na uchafu. Ufini waliweka udongo na majani ya msituni kwenye viwanja vya chekechea, na baada ya siku 28 tu ngozi za watoto wale zilikuwa na aina nyingi zaidi za vijidudu visivyo na madhara na damu yao ilionyesha kinga iliyotulia vizuri zaidi. Lakini udongo wenye kinyesi cha mbwa au karibu na choo ni jambo jingine. Viatu miguuni, kucha fupi, sabuni kabla ya kula, dawa ya minyoo wanapogawiwa shuleni. Tenga nguo za matope, gauni na kaptula zilizochakaa, na usimgombeze mtu aliyevaa hizo. Nunua gambuti ukiweza. Shule moja niliyoifahamu iliwachapa watoto kwa kurudi darasani na soksi zenye matope, na ndani ya mwezi mmoja hakuna mtoto aliyekaribia tena bustani ya maua tuliyoihangaikia mwaka mzima.

Nyoka wapo, sitakudanganya. Kanuni ninayowafundisha watoto ni moja: mkono hauingii mahali ambapo jicho halijaingia kwanza. Gogo linageuzwa kwa kulivuta kuja kwako, ili kilicho chini kitokee upande wa pili. Kifutu hutegemea kutulia, ndiyo maana hukanyagwa; kwa hiyo kwenye majani marefu tangulia na fimbo. Akiumwa mtu, mtulize, vua bangili na viatu, kiungo kisitikiswe, mbebe hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na jiwe la nyoka liache. Hata hivyo, kwa huku kwetu ninaogopa zaidi radi. Mkisikia ngurumo, mchezo umekwisha hapohapo, ingieni ndani, msijikinge chini ya mti. Uyoga wa porini watoto wauangalie, wauchore, ila wa kula ni ule tu aliouthibitisha mtu mzima anayeujua tangu utoto. Na mkiteremka Kyela au Usangu, maji yaliyotuama msiyaogelee, kuna kichocho.

Shuleni ungeweza kusaidia kwa jambo moja. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zetu nyingi zina shamba, na hiyo ni hazina ambayo nchi tajiri sasa zinaitafuta kwa fedha nyingi. Tumeiharibu kwa kulifanya jembe kuwa adhabu. Mtoto anayelima kwa sababu alichelewa namba hatapenda udongo. Kwenye kikao cha wazazi, ombeni mwalimu wa sayansi apewe hata tuta moja la darasa, la kupanda, kupima na kuchora, ambalo hakuna mtoto atakayepelekwa kwa kosa. Uliza pia kama kuna skauti au klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi wanaojifunza uhifadhi wa wanyamapori. Ikiwa ipo inalala, mara nyingi inasubiri mzazi mmoja tu wa kuishikia bango.

Mkishaizoea kona yenu kwa mwezi mmoja au miwili, ongezeni mahali pa pili pa kwenda kwa miguu: kijito, kilima, shamba la rafiki. Kisha safari za siku moja. Kimondo cha Mbozi kinafikika kwa basi la kwenda Tunduma na bodaboda kuingia Ndolezi. Ni chuma kilichotoka angani, kinakadiriwa tani 16, na watoto wanaruhusiwa kukigusa kwa mikono, jambo ambalo halina mbadala. Ziwa Ngozi lina mteremko mkali, msubirishe huyo wa miaka 5. Daraja la Mungu huko Kiwira mshike mkono muda wote, miamba inateleza.

Kitulo, sasa. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na kuna zaidi ya aina 350 za mimea, okidi peke yake aina 45. Sababu mojawapo ya kuilinda ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko. Waeleze watoto hilo kabla, watakuelewa ukiwaambia ua halichumwi. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, kwa hiyo likizo ya Desemba inafaa. Kwa kuwa hakuna simba wala tembo, mtatembea kwa miguu, na kwa watoto hilo ni bora kuliko kukaa ndani ya gari. Pandeni gari la Chimala kutoka Uyole, kisha linalopanda zile kona 57 kwenda Matamba. Mvua zikikolea uliza kwanza hali ya barabara, na mdogo mpe mfuko mkononi, kona zile humtapisha hata mtu mzima. Laleni Matamba. Beba masweta mawili kwa kila mtoto, viazi vya kuchemsha, chupa ya chai, na mkeka.

Getini mwombe askari awaonyeshe mahali palipo karibu penye maua mengi. Msizunguke. Tandika mkeka, mkae hapo saa nzima, na daftari lake awe nalo.